Mero wa Lita Tisini

Punta Chac,
30 Machi.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Uvuvi,
Bandari ya Punta Chac.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: KUOMBA UFAFANUZI KAMA VEDA YA MERO INAINGIA HADI SEBULENI

Kwanza naomba unisamehe kwa kukuandikia badala ya kuja mwenyewe. Wiki hii nimefika mlangoni pa ofisi yako mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unakula. Mara ya pili ulikuwa unaongea na simu. Mara ya tatu ulinitazama, nami nikajifanya nasoma tangazo la ukutani mpaka ukaacha kunitazama. Tangazo hilo sasa nalijua kwa moyo, na ndilo lililonipa ujasiri wa kuandika. Linasema kwamba kuanzia tarehe mosi Februari hadi tarehe thelathini na moja Machi ni veda, yaani ni marufuku kumvua, kumuuza wala kumsumbua mero katika maji yote ya pwani yetu. Swali langu linahusu maji ya lita tisini yaliyopo sebuleni kwetu.

Nasikia umehamishiwa hapa kutoka Zacatecas, ambako bahari huonekana kwenye kalenda tu, kwa hiyo niruhusu nieleze jambo moja ambalo mtu wa hapa angecheka kuelezwa. Mero ni chewa, yule samaki mwenye mdomo mpana na uso wa mtu aliyekatizwa usingizi. Lakini neno hilohilo lina maana ya "hasa". Mtu aliye mkubwa hasa, asiye na mwingine juu yake, anaitwa mero mero. Watu wa kwingine husema hivyo bila kumfikiria samaki. Sisi tunaoishi kwa kumuuza samaki huyo hatuwezi. Matatizo yetu yote yalianzia hapo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Miaka miwili iliyopita, siku ya sikukuu ya Candelaria, baba yangu, Don Wilberth Cauich, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wauza Samaki wa soko letu. Watu walimbeba mabegani hadi kwenye meza ya tamale, ile mikate ya mahindi ya sikukuu hiyo, wakiimba, "Mero mero! Mero mero!" Mtu mwingine angeshukuru, angekula tamale zake mbili na kurudi nyumbani. Baba alikwenda gatini na ndoo, akarudi na mero mdogo mwenye urefu wa kijiko. Alisema, "Kila ofisi ina picha ya mkubwa wake. Mimi sitaki picha." Mama alichungulia ndani ya ndoo akasema, "Wilberth, huyo ni kitoweo, si mpangaji." Hakusikilizwa. Naomba utambue kwamba Candelaria ni tarehe mbili Februari, kwa hiyo veda ilikuwa na umri wa siku moja. Nalitaja hilo kwa sababu ya ukweli, si kwa nia ya kumshitaki baba yangu.

2. Mero aliwekwa kwenye tangi la kioo lililotoka duka la dawa lililofungwa, ambamo zamani walikaa samaki wawili wa dhahabu, nao walilalamika. Nilisema lita tisini, lakini ukiondoa mawe, konokono wa plastiki na kitu cha kutoa mapovu zinabaki themanini. Tangi liliwekwa chini ya ndoano ya hamaka yangu, kitanda changu cha wavu cha kuning'inia, kwa hiyo tangu siku hiyo hamaka yangu inafungwa jikoni, kutoka kwenye mlango hadi kwenye dirisha, na mtu akitaka maji ya kunywa lazima anipite kwa chini. Kila alfajiri mimi huenda baharini na ndoo mbili kubadilisha maji. Baba husema kazi hiyo inanifaa kwa sababu haihitaji kuongea.

3. Baada ya mwezi mmoja baba aliona kwamba mkubwa hawezi kukaa bila kamati. Akaleta wengine watatu. Samaki wa milia alikuwa Mweka Hazina, Don Nicanor Pech, ambaye ndiye baba yangu wa ubatizo. Bunju mdogo alikuwa Katibu, Doña Geny Tzab, muuza pweza, kwa kuwa wote wawili huvimba wakiguswa. Kaa alikuwa Mjumbe, Don Tello Uc, kwa kuwa siku ya kupiga kura hajulikani anaelekea upande gani. Wenyewe walifurahi sana. Walikuja kujitazama siku za Jumapili, wakagongagonga kioo na kuambiana, "Ona, umenenepa!"

Mheshimiwa, mero hula chochote kinachoingia mdomoni mwake, na mdomo wake hukua kila mwezi. Jambo hilo linajulikana na kila mtu hapa bandarini. Wauza samaki thelathini na wanne walilijua na wakagonga kioo.

Jumatatu moja ya Novemba iliyopita kamati ilikuwa kwetu inakula maharage na nguruwe. Don Nicanor alikuwa anaeleza kwa nini Umoja unapaswa kuitisha mkutano kila baada ya miezi mitatu, kama katiba yake inavyosema. Nyuma yake mero alifungua mdomo, akaufunga, na samaki wa milia hakuwepo tena. Tulimwona wote. Kijiko cha Don Nicanor kilisimama hewani. "Kumbe hata hatafuni!" akasema. Baba alicheka mpaka akatokwa machozi. Kesho yake sokoni walimpokea kwa salamu: "Marehemu, umeamkaje?" na "We Nicanor, umetoka tumboni lini?" na "Msimpe pweza, hana pa kumweka, yeye mwenyewe yuko ndani ya mwenzake!" Alivumilia siku nane. Siku ya tisa alimwambia baba, "Kaka, mimi nina wajukuu," akarudisha mhuri.

4. Tangu hapo Doña Geny alipita dirishani kwetu kila asubuhi na beseni lake.

"Landy, mwanangu, nipo?"

Namjibu kwa kichwa kwamba yupo.

"Nimevimba au nimetulia?"

Namwonyesha kwa mikono kwamba ametulia. Hapo huenda zake sokoni akiwa na furaha.

Asubuhi moja ya Januari bunju hakuwepo. Doña Geny aliuliza kama kawaida, nami nikatikisa kichwa. Akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Basi. Mwambie baba yako pweza wangu nitamuuza bila ukatibu. Na umwambie nilikuwa na miiba, ajihadhari na tumbo la samaki wake."

Wiki mbili baadaye kaa naye hakuwepo. Don Tello hakuja hata kuuliza. Alimtuma muuza barafu: "Mwambie mwenyekiti mgongo unaniuma, na kaa mwenye mgongo mbovu hana pa kwenda." Jambo hili sikulielewa vizuri lakini baba alilielewa, akaandika kwenye daftari la Umoja kwamba Mjumbe amejiuzulu kwa sababu za kiafya.

Ndipo sokoni wakaanza kusema kwamba samaki wetu anajua. Watu ambao hawajawahi kuingia kwetu walikuja na maswali. Mmoja alitaka kujua kama shemeji yake atarudi kutoka Campeche. Walimsalimu mero kabla ya kumsalimu mama.

5. Hapa nafika kwenye sheria, ambayo ndiyo kazi yako. Uchaguzi wa Umoja wetu hufanyika kila baada ya miaka miwili, siku ya Candelaria. Umewekwa siku hiyo kwa makusudi, kwa sababu ni veda, mashua zimefungwa na watu wote wapo nchi kavu wakiwa hawana la kufanya. Mwaka huu watu walikusanyika na tamale zao. Baba alipanda juu ya kreti la barafu akasema, "Jamani, sheria ni sheria. Leo ni veda. Mero haguswi."

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, nakiri. Tulipomaliza kucheka mkutano ulikuwa umeshafungwa.

Mtu mmoja alimfuata kwenye ngazi za soko akamuuliza, "Haya bosi, na Machi ikiisha?"

"Machi ikiisha mashua zinatoka. Utaacha kazi uje kupiga kura?"

"Siwezi."

"Basi unaona mwenyewe."

Yule mtu aliondoka akiitikia kwa kichwa kama aliyeelimishwa. Mheshimiwa, nimelifikiria jambo hili kwa wiki nane na bado sijaona mahali linapovuja. Wakati wa veda hatuwezi kumgusa mero kwa sababu ni veda, na wakati usio wa veda hatuwezi kumgusa kwa sababu tuko baharini tunamvua. Mama alipoomba samaki yule atolewe sebuleni apewe bahari yake alijibiwa hivyohivyo. "Unataka nifungwe?" baba alimwuliza. "Soma tangazo!"

6. Baada ya hapo baba alihitaji katibu na hakumpata. Alipotaja jina la mtu, mtu huyo alikumbuka kwamba ana homa. Ndipo, katikati ya Februari, akaniteua mimi. Sikukubali. Sikukataa pia, kwa sababu nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza sentensi wakati yeye alikuwa ameshanipa daftari. Tumefanya mkutano mmoja. Muhtasari wake niliuandika hivi: "Mwenyekiti alitoa hoja. Mwenyekiti aliunga mkono. Hakuna aliyepinga." Baba alisema nina mwandiko mzuri.

Jioni ile alikuja na samaki mdogo wa rangi ya fedha, mwembamba kama kidole, ambaye alikimbilia nyuma ya jiwe na kukaa huko. "Huyu ni wewe," akaniambia. "Ona anavyojificha!" Alisema kwa upendo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mama aliposikia alitoka jikoni na mwiko.

"Mtoe mtoto wangu humo!"

"Mtoto gani? Si huyu hapa, anakula?"

"Yule wa majini!"

"Huo ni uongozi, mwanamke. Wengine wanautafuta maisha yao yote."

Mheshimiwa, mimi nimemaliza shule Julai iliyopita. Nimepata nafasi kwenye kozi ya uuguzi huko Mérida, na inaanza tarehe saba Aprili. Barua yao inasema asiyefika siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Baba ameisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja vizuri, akasema katibu haondoki kabla ya muhula wake kwisha. Namna mihula inavyokwisha nyumbani kwetu umeshaisoma hapo juu.

7. Watu wameanza kunitendea kama mtu mwenye siku chache. Wauza kamba wananipa wakubwa wakubwa bila kuwaomba. Bibi wa duka la mishumaa aliniuliza rangi ninayoipenda. Jumapili iliyopita Don Nicanor alikuja kwetu kwa mara ya kwanza tangu aliwe. Alinishika mkono kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu wa ubatizo, usiogope. Mimi sikusikia maumivu yoyote."

8. Mero mwenyewe sasa ni mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Hawezi kugeuka mpaka akunje mkia kwanza kwenye kona, kisha asogeze kichwa kidogo kidogo, kama watu wanaopandisha kabati kwenye ngazi. Akishageuka anakuta palepale alipotoka. Kwa hiyo siku nyingi hageuki. Anatazama mlango.

Kwa sababu hizo naomba mambo yafuatayo. Nimeyapanga kuanzia lililo dogo.

Kwanza, naomba ofisi yako itamke kwa maandishi yenye mhuri kama veda inamlinda mero aliyepo sebuleni, na kama inamlinda pia mwenyekiti. Ikiwa jibu ni hapana kwa wote wawili, naomba tangazo libandikwe sokoni, mahali ambapo kreti la barafu haliwezi kulifunika.

Pili, ikiwa jibu ni ndiyo, basi sebule yetu ni maji ya pwani, na ni haki yetu kupata mkaguzi kama maji mengine yanavyopata. Aje na sare. Tutampa kiti. Hamaka itakuwa tabu, nimeeleza hali ya ndoano.

Tatu, tangazo lako linasema mero asiyefikia kipimo hairuhusiwi kumvua hata nje ya veda, kwa sababu anahitaji muda wa kukua na kuzaana. Naomba sheria hiyo ipanuliwe iwahusu makatibu. Mimi nina miaka kumi na saba. Sijafikia kipimo. Kwa mujibu wa sheria nilipaswa kurudishwa majini nikiwa hai, na mtu aliyenivua alipaswa kuonywa.

Nne, na hili nalisema kwa heshima zote, ikiwa ofisi yako haina uwezo wa kufanya lolote kati ya hayo, naomba veda yenyewe igeuzwe. Miezi miwili kila mwaka tunamlinda mero tusimle. Sijasikia hata siku mbili zilizotengwa ili yeye asitule sisi. Samaki huyo amekaa sebuleni kwetu miaka miwili na ameimaliza kamati nzima ya Umoja ambao ofisi yako imeusajili, na hakuna aliyemwandikia hata onyo. Namshitaki rasmi, na naomba akamatwe.

Natumaini barua hii itakukuta umeshazoea joto letu na kwamba ngozi ya pua imeacha kubanduka. Msalimie mkeo, na mama yako kule Zacatecas ambaye unampigia simu kila siku baada ya chakula, tunamsikia kutoka mtaani na tunamwona ni mtu mwema. Wasalimie makarani wako wawili na yule paka wa kaunta. Baba yangu hakusalimu kwa sababu hajui kama naandika. Mama anajua, naye amesema nikuandikie kwamba ukija, uje siku ya Jumatatu, maharage yatakuwepo.

Wako mtiifu, na kwa leo bado Katibu,

Landy Cauich Euán.

Nyongeza: Mheshimiwa, nimeisoma barua hii upya kabla ya kuifunga na nimeona haitakuwa haki nikiituma bila kuongeza jambo moja.

Mero alimla Mweka Hazina. Hilo lina mashahidi na maharage. Lakini wengine hakuwala. Niliwatoa mimi. Nilipoona samaki wa milia ameondoka vile, sikuweza kuendelea kumtazama bunju akizunguka mbele ya mdomo ule, kwa hiyo alfajiri moja nilimchota kwa chujio la kahawa la mama, akavimba ndani yake karibu tushindwe kuachana, nikampeleka baharini kwenye ndoo ileile ya kubadilisha maji. Doña Geny alipojiuzulu nilishtuka na sikujua niseme nini, nikanyamaza. Kaa nilimtoa pia kwa huruma, ingawa safari hiyo nilikuwa ninajua kitakachotokea kwa Don Tello. Kwa hiyo kamati ya Umoja haikumalizwa na samaki. Ukirudia namba ya nne utaona kwamba hapo sikudanganya: niliandika kwamba hawakuwepo, sikuandika kwamba waliliwa. Lakini kwenye ombi la nne nilimsingizia, na nalifuta. Watu wazima thelathini na wanne walikuja kumwuliza samaki, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi, ingawa mimi ndiye ninayebadilisha maji.

Basi usimkamate. Mtumie watu wenye pipa kubwa la maji ya bahari wamtoe hapo kwa upole, wakianza na mkia. Anakula dagaa, wakatwe vipande viwili.

Samaki wa rangi ya fedha nimemtoa leo asubuhi, nikampeleka baharini. Alikaa kidogo kwenye kiganja changu, halafu hakukaa. Barua hii naipitisha chini ya mlango wako nikiwa na begi langu, na basi la Mérida tayari linaunguruma upande wa pili wa barabara. Baba akiamka atakwenda kwenye tangi kwanza, atatazama nyuma ya jiwe, na atajua kwamba muhula wangu umekwisha. Atakuja kwako akilia, kwa sababu wewe ndiye mwenye ofisi ya samaki. Tafadhali mwambie sikuliwa.